Spidi 160, na Saa Mbili za Kufika Stesheni

Mwezi uliopita nilikwenda Dodoma kumjulia hali mama mdogo. Treni yangu, ya SGR, ile reli mpya ya umeme, ilikuwa ya saa 12 asubuhi. Naishi Chamazi, na usiku wa manane huku kwetu daladala si za kutegemea, kwa hiyo jioni ya kuamkia safari nilipatana na kijana wa bajaji wa mtaani: shilingi 15,000 mpaka Stesheni. Akaja saa 9:45 usiku, vilevile alivyoahidi. Barabara ya Kilwa ilikuwa nyeupe. Tulipopita Mtoni Kwa Azizi Ally akaniambia, "Dada, tungetoka saa 11, saa hizi ningekuwa nakuomba radhi." Saa 10:35 alfajiri nilikuwa kwenye mstari wa kukagua mizigo. Saa 12 treni ikaondoka, na kabla ya saa 4 asubuhi nilikuwa nimeshuka Dodoma.

Nikiwa pale nje natafuta usafiri wa kwenda kwa mama mdogo, nilipiga hesabu ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo. Ndani ya treni nilikaa muda usiotimia saa nne. Kabla treni haijaondoka nilikuwa nimeshatumia saa mbili na robo. Zaidi ya theluthi ya safari yangu iliisha nikiwa bado Dar es Salaam. Na ile bajaji ilinigharimu kuliko tiketi ya kawaida ya kwenda Morogoro, ambayo ni shilingi 13,000.

Reli yenyewe naipenda, na najua ilikotoka. Wajerumani walianza kutandika Reli ya Kati hapa Dar mwaka 1905, ikafika Morogoro mwishoni mwa 1907, Tabora 1912, na Kigoma mapema 1914. Kwa zaidi ya miaka mia moja njia ile yenye upana wa milimita 1,000 ndiyo iliyobeba nchi. Watu wa rika langu tuliopanda treni ya Kigoma tunajua maana ya kulala njiani mara mbili, kununua karanga na asali dirishani, na kumwambia mdogo wako usisinzie, mabegi yataibwa. Sasa tuna reli ya milimita 1,435, inayotumia umeme, treni zake zinakwenda kilomita 160 kwa saa. Jiwe la msingi liliwekwa Pugu Aprili 2017. Abiria wa kwanza wa biashara walikwenda Morogoro Juni 14, 2024, wa Dodoma Julai 25, na Rais Samia akaizindua rasmi Agosti 1. Novemba mwaka huohuo zikaanza zile seti za umeme, treni zinazojiendesha bila kichwa cha kuvuta, zenye pua ndefu, ambazo watu wamezibatiza Mchongoko. Safari ya Dodoma iliyokuwa ikila siku nzima kwa basi imekuwa ya asubuhi moja. Mtu anakwenda kwenye kikao, anarudi, analala kwake. Hilo ni jambo kubwa na sitaki kulipunguza hata kidogo.

Ila nasikia siku hizi mazungumzo yetu yote yamekwenda upande mmoja: lini tutafika spidi 200, kwa nini tusiwe na treni ya spidi 300 kama Moroko, ambao tangu 2018 wana treni ya spidi 320 kati ya Tangier na Casablanca. Vijana wanatumiana video za treni za China na Japani, na ukiangalia maoni yao unaona wivu mzuri, wa mtu anayetaka nchi yake ipae. Mimi nauheshimu wivu huo. Lakini nadhani umeelekezwa mahali pasipo na dakika nyingi za kuokoa.

Tuhesabu pamoja. Kutoka Dar mpaka Morogoro njia kuu ni kilomita 205. Treni ingekwenda spidi 160 bila kupunguza hata mara moja, ingetumia dakika 77. Ingekwenda spidi 200 bila kupunguza, dakika 62 hivi. Tofauti ni robo saa. Hiyo ni kwenye karatasi, maana treni halisi inaanza taratibu, inasimama, inapunguza kwenye kona na inapoingia mjini, kwa hiyo robo saa yenyewe haitimii. Na robo saa hiyo haiji bure. Upinzani wa hewa unapanda kwa mraba wa spidi: kutoka 160 hadi 200 unaongezeka kwa zaidi ya nusu, na umeme wa kuushinda unalipiwa. Kona zinatakiwa ziwe pana zaidi. Umbali wa kusimama unaongezeka, kwa hiyo mfumo wa ishara nao unabadilika. Mtu wa Chamazi, Bunju au Kibamba akifika Stesheni asubuhi ya siku ya kazi, foleni peke yake imeshamla robo saa nne au tano.

Hapo ndipo ninaposimama katika makala hii. Mbio za treni za Tanzania kwa miaka kumi ijayo zisitafutwe kwenye injini. Zitafutwe kwenye kusubiri: kusubiri usafiri wa kufika stesheni, kusubiri treni inayofuata ukikosa ya kwanza, kusubiri pembeni treni nyingine ipite. Muda wa abiria unaliwa huko.

Kuna nchi moja iliyowahi kujiuliza swali hili hili, ikalijibu kwa namna ambayo ningependa wahandisi na wapanga ratiba wetu waitazame kwa karibu. Uswisi ilipoona Ufaransa imeanza treni za kasi kati ya Paris na Lyon mwaka 1981, ingeweza kuiga. Badala yake mwaka 1987 wananchi walipiga kura kukubali mpango uliopewa jina la Reli 2000. Kanuni yake ilikuwa kwamba treni isikimbie kadiri inavyoweza, ikimbie kadiri inavyohitajika. Inavyohitajika kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya ratiba. Walipanga kwamba katika miji mikubwa treni zote ziwe zinaingia muda mfupi kabla ya saa kugonga na kuondoka muda mfupi baada ya saa kugonga, ili anayeshuka hii apande ile bila kukaa. Ili mpango huo ufanye kazi kati ya Bern na Zürich, kama kilomita 120, safari ilipaswa kuwa chini ya saa moja. Ilikuwa inazidi. Basi wakajenga kipande kipya cha kilomita 45 tu, cha spidi 200, wakakifungua Desemba 2004, safari ikashuka hadi dakika 56. Hawakutafuta dakika 40, kwa sababu dakika 40 zisingemsaidia mtu: angefika mapema kisha akae kusubiri treni ya kuunganisha.

Nimeupenda mfano huu kwa sababu unageuza utaratibu wa kufikiri. Sisi huwa tunajenga reli, tunanunua treni, halafu tunatafuta ratiba itakayofaa. Wao walianza na ratiba, wakauliza ni reli gani inatakiwa ili ratiba hiyo itimie. Fedha ikaenda pale tu ambapo dakika zilikuwa na faida kwa abiria.

Sasa tuirudishe Dar. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Jiji limejitanua kama maji yaliyomwagika sakafuni: Chanika, Mbande, Goba, Madale, Bunju, Kibamba, Kigamboni mpaka Kimbiji. Stesheni ya SGR, lile jengo lililochongwa kwa sura ya tanzanite, iko pale pale palipokuwa na reli ya zamani, katikati ya mji, karibu na bandari. Kwa hili tuna bahati ambayo majirani hawakuipata. Treni ya Madaraka nchini Kenya, iliyoanza 2017, inaanzia Miritini nje ya kisiwa cha Mombasa na kuishia karibu na Syokimau nje ya katikati ya Nairobi. Abiria anashuka kisha anatafuta treni nyingine ya kumwingiza mjini. Addis Ababa nako stesheni ya reli ya Djibouti iko pembezoni. Sisi tulilipia daraja la juu la zaidi ya kilomita mbili ili treni ipite juu ya mitaa na kuingia hadi ndani. Ulikuwa uamuzi wa gharama na ulikuwa sahihi.

Lakini bahati ya kuwa katikati ina maana iwapo katikati panafikika. Mtu anayetoka Kimara kwa basi la mwendokasi anapita barabara yake maalumu mpaka mjini bila foleni, kisha anashuka Kisutu au Posta ya Zamani na kuanza kuburuta begi. Si mbali. Kwa kijana mwenye mkoba wa mgongoni si kitu. Kwa mama mwenye mtoto mgongoni, mwingine mkononi na ndoo ya vitu vya nyumbani kichwani, hiyo ni kuongeza bodaboda nyingine na nauli nyingine. Njia za mwendokasi zilizofuata, ile ya Barabara ya Kilwa kwenda Mbagala na ile ya Barabara ya Nyerere kwenda Gongo la Mboto, zote zinaelekea mjini na zote zinapita jirani kabisa na reli. Zilipochorwa, swali la kwanza lingekuwa: abiria wa mikoani atabadilishia wapi? Basi moja tu linalozunguka kati ya Gerezani, Kariakoo na Stesheni kila baada ya dakika chache, likiwa na nafasi ya mizigo, lingeokoa muda mwingi kuliko spidi 200 itakavyookoa milele. Na halihitaji mkopo wa nje.

Kisha kuna Pugu. Kwangu mimi Pugu ndiyo stesheni muhimu kuliko zote kwenye njia hii, na ndiyo inayozungumzwa kidogo kuliko zote. Iko kama kilomita 20 kutoka Stesheni. Inazungukwa na watu wa Gongo la Mboto, Ukonga, Majohe, Kitunda, Kinyerezi, Chanika. Ukichukua ramani ukapima, utakuta mtu wa Chanika anayekwenda Morogoro asipopandia Pugu analazimika kuingia mjini kilomita zaidi ya 30 akielekea mashariki, apande treni, kisha treni imrudishe magharibi mpaka ipite karibu na kwake. Anaupita mlango wake mara mbili. Treni za kawaida zinasimama Pugu, ndiyo, lakini kusimama peke yake hakutoshi kuifanya stesheni. Inahitaji daladala zenye ratiba inayofuata treni, maegesho ya pikipiki yenye ulinzi, taa barabarani kwa abiria wa alfajiri, na treni za kutosha kusimama hapo kiasi kwamba mtu asiitazame Pugu kama njia ya mkato ya kubahatisha. Njia ya mwendokasi ya Barabara ya Nyerere inakoma Gongo la Mboto, kilomita chache tu kabla. Kuivusha mpaka mlangoni mwa stesheni ni kazi ndogo ukilinganisha na yote tuliyokwishafanya.

Na si mwendokasi tu. Tangu Oktoba 2012 Dar ina treni za mjini kwenye reli ya zamani. Watu walizipa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, treni ya Mwakyembe, na jina limebaki mpaka leo. Moja ilikuwa inatoka Stesheni kwenda Ubungo Maziwa ikipitia Buguruni, Tabata na Mabibo. Nyingine upande wa TAZARA kwenda Mwakanga. Baadaye ikaja ya Pugu. Zilianzishwa kwa mabehewa ya zamani na zikafanya safari za asubuhi na jioni, na bado watu walijazana kwa sababu zilifika kwa wakati. Relini hakuna taa za kuongozea magari, hakuna trafiki wa kukusimamisha nusu saa ili msafara upite. Mimi nimeipanda ya Pugu mara nyingi nikienda kumtembelea rafiki Gongo la Mboto, na kila mara nilishuka nikijiuliza kwa nini jiji lenye watu zaidi ya milioni tano linaichukulia treni ya mjini kama huduma ya msimu.

Reli ile ya zamani haijafa kwa sababu SGR imezaliwa. Mizigo na abiria wa mbali wakihamia njia mpya, njia ya zamani ndani ya jiji inapata nafasi. Hapo ndipo treni za mjini zingeongezwa: kila nusu saa kutwa nzima kati ya Stesheni na Pugu, kwa nauli ya daladala, zikilishwa na zikilisha treni za SGR. Abiria wa Morogoro anayeishi Buguruni angepanda treni ya mjini, akashuka Pugu, akavuka jukwaa. Hiyo ndiyo kasi ninayoizungumzia, na chuma chake kimeshatandikwa.

Tiketi nayo ina sehemu yake. Leo anayesafiri anakata tiketi ya treni mahali pamoja, analipa mwendokasi kwa namna nyingine, daladala kwa noti mkononi, kivuko cha Kigamboni kwa kadi ya N-Card. Kila mlango una ufunguo wake. Kadi tunayo tayari, inafanya kazi kivukoni na uwanjani. Kuieneza kwenye treni na mabasi yote ni suala la taasisi kukaa meza moja. Na kile kitendo cha kumtaka abiria afike stesheni mapema sana akaguliwe mizigo, naelewa sababu zake, lakini kiwekwe kwenye mizani. Kila nusu saa tunayomwongezea abiria getini ni sawa na kuipunguzia treni spidi. Mashine zikiongezwa na milango ya kuingilia ikaongezwa, abiria afike dakika 30 kabla, basi treni ya Morogoro imekuwa ya kasi zaidi bila injini kuguswa.

Nije kwenye jambo ambalo abiria halioni, na ndilo linalonipa wasiwasi zaidi. Njia yetu ya SGR ni moja. Kati ya Dar na Morogoro kuna kilomita 205 za njia kuu na kama kilomita 95 za njia za kupishania, zilizowekwa sehemu sehemu. Treni mbili zikija zinatazamana, moja lazima iingie pembeni ingoje. Baba yangu mdogo alifanya kazi ya reli Tabora miaka mingi, na tangu tukiwa watoto alikuwa akituambia kwamba treni haikimbii, treni inaachiwa njia. Nilikuwa sielewi. Siku hizi naelewa.

Tulipoanza 2024 njia ilikuwa ya abiria peke yao, na treni chache, kwa hiyo kupishana kulikuwa rahisi. Mwaka 2025 treni za mizigo zikaanza, na bandari kavu ya Kwala ikafunguliwa ili makontena yasirundikane mjini. Hilo nalo ni jema. Reli bila mizigo haiwezi kujilipa, na kila kontena linalopanda treni ni lori moja pungufu kwenye Barabara ya Morogoro. Lakini treni ya mizigo imesanifiwa kwenda spidi 120 na ya abiria 160. Kwenye njia moja, ile ya haraka ikiifikia ile ya polepole haina pa kupita mpaka ifike njia ya kupishania. Kadiri pengo la spidi kati ya treni zinazotumia njia moja linavyokuwa kubwa, ndivyo idadi ya treni zinazoweza kupita kwa siku inavyopungua. Ndiyo maana nasema spidi 200 inaweza ikatudhuru: ukiipandisha ya abiria bila kuipandisha ya mizigo, unalipanua pengo, na njia inajaa mapema.

Na mizigo itaongezeka. Reli inajengwa kwenda Tabora, Isaka na Mwanza, na kutoka Tabora kwenda Kigoma, na tawi la kuingia Burundi. Treni zote hizo, siku zitakapofika, zitapita mlango mmoja wa kuingia Dar. Ningekuwa na sauti kwenye bajeti, shilingi ya kwanza ya kuongeza kasi ningeiweka kwenye njia ya pili kati ya Pugu na Ruvu, mahali ambapo treni za makontena za Kwala, za abiria wa Morogoro na za Dodoma zote zinabanana. Kipande kifupi. Hakitapigwa picha na wengi, hakina pua ndefu. Lakini kitaamua kama mwaka 2035 treni ya Dodoma itatumia saa tatu na nusu au saa tano.

Kwenye matengenezo sitakaa sana, kwa kuwa kila mmoja wetu amekwishaiona Reli ya Kati ilivyokwenda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 tuligawana mabehewa na mizigo ikahamia kwenye malori. Tukampa mwekezaji kutoka India mwaka 2007, tukaichukua tena 2011. Kila mvua kubwa ilipokuja, Mto Mkondoa ulikula tuta kati ya Kilosa na Gulwe, na treni zikasimama wiki nzima, mara nyingine miezi. Spidi ya treni ile haikushushwa na mtu yeyote kwa amri moja. Ilishuka kidogo kidogo: hapa taruma limeoza, punguza, hapa kokoto zimesombwa, punguza, hapa daraja linacheza, punguza. Vibao vya kupunguza mwendo vikawa vingi kuliko stesheni.

Na kuna Igandu. Juni 24, 2002 treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima, ikarudi nyuma bila breki kuishika, ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Treni za SGR zinapita Igandu leo, kuna stesheni pale. Kila ninapopita huwa nanyamaza. Nataka treni ziende haraka, lakini nataka zaidi kwamba kila fundi wa breki na kila mlinzi wa njia alipwe, afunzwe na asikilizwe anaposema treni hii isiondoke. SGR imepita Kilosa kwa mahandaki manne na kwenye tuta lililoinuliwa, kwa hiyo tatizo la Mkondoa limechukuliwa kwa uzito. Umeme nao una njia yake maalumu ya msongo mkubwa kutoka Kinyerezi. Lakini vitu hivyo vyote vinazeeka kuanzia siku vinapozinduliwa, na bajeti ya kuvitunza huwa haina wa kuikatia utepe.

Kuna hoja ninayoikubali kutoka kwa wanaotaka spidi kubwa. Wanasema kasi inavutia watu, inamtoa mwenye gari kwenye gari, inampunguza abiria wa ndege. Japani walipofungua Shinkansen Oktoba 1964, kilomita 515 za Tokyo hadi Osaka kwa saa nne, watu waliipenda kwa sababu ilikuwa haraka. Ni kweli. Ila watu waliobaki nayo, walibaki kwa sababu treni zilikuwa nyingi kiasi kwamba hukuhitaji kupanga maisha yako kuzizunguka, na zilifika dakika iliyoandikwa. Treni sita kwa siku za spidi 300 haziwezi kushindana na treni ishirini za spidi 160. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyechelewa kwa dakika tano hajali treni iliyomwacha ilikuwa na spidi gani. Anauliza inayofuata ni saa ngapi. Akiambiwa baada ya nusu saa, anakaa anakunywa chai. Akiambiwa jioni, anarudi Mbezi kupanda basi, na hataijaribu treni tena kwa muda mrefu.

Kwa hiyo ningependa kuona ratiba inayokumbukika kichwani. Kila saa, dakika ile ile: treni ya Morogoro inaondoka saa 12, saa 1, saa 2, saa 3, mpaka usiku. Ya Dodoma kila baada ya saa mbili. Treni fupi kama abiria ni wachache, seti za umeme zinaruhusu hilo; ndiyo faida yake juu ya kichwa kinachovuta mabehewa. Bibi asiyejua kusoma mtandaoni aweze kumwambia mjukuu wake, nenda stesheni, ipo kila saa. Ratiba ya namna hiyo ikishasimama, mabasi ya Pugu, Morogoro na Dodoma yanajipanga yenyewe kuifuata, maana dereva wa daladala ni mwepesi kuliko taasisi yoyote kunusa mahali penye abiria. Akijua kwamba kila saa, ifikapo dakika ya 50, watu mia tatu wanashuka mahali fulani, atakuwepo pale bila kuandikiwa barua.

Mama mdogo nilimkuta anaendelea vizuri. Alishangaa kuniona asubuhi ile, akaniuliza nilikuwa nimelala Morogoro kwa nani. Tulikula naye mchana, nikampaka mafuta miguu, tukazungumza mambo ya shamba lake la Mpwapwa, na jioni nikapanda treni kurudi. Ilikuwa imejaa. Karibu yangu walikaa wanafunzi wawili wa chuo, wakalala tangu Gulwe mpaka Ruvu. Tulipofika Pugu dada mmoja aliyekuwa mbele yangu alisimama haraka akachungulia nje, akaona giza la barabarani, akarudi kukaa. Akasema nyumbani kwake ni Majohe, lakini heri aende mpaka mjini akatafute usafiri penye taa.

Tulishuka Stesheni saa 5 kasoro dakika 20 usiku. Nje pale bajaji na bodaboda zilikuwa zimejipanga, kila mtu anapatana bei peke yake. Yule dada wa Majohe nilimwona akipanda pikipiki na begi lake mapajani, kurudi kule kule tulikotoka. Mimi nilipata gari la kuchangia mpaka Rangi Tatu, nikangoja hapo, nikapata bodaboda ya kuniingiza Chamazi. Nilifungua geti la nyumbani saa 6:35 usiku.

Kutoka Pugu mpaka Stesheni treni ilikuwa imetumia dakika zisizofika ishirini.